Giaboksi umebadilisha, propela je?

Kabla ya spana yoyote, weka magogo kwenye matairi, mbele na nyuma. Hendibreki ya Canter inashika dramu iliyo nyuma ya giaboksi, kwa hiyo ukishafungua propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye ekseli ya nyuma) matairi ya nyuma hayana kizuizi. Vijana wengi wanavuta hendibreki, wanaingia chini ya gari, roho kwatu.

Mwenye gari atakwambia "fundi, hii ni ileile tu". Zilaze giaboksi mbili sambamba, upime kutoka uso unaogusa injini hadi flanji ya nyuma (bamba la duara inapofungwa propela). Zikipishana hata sentimita mbili, kuna kazi. Kwenye propela ya vipande viwili, meno ya kuteleza, yanayoiruhusu irefuke na kufupika, huwa kwenye kipande cha nyuma, baada ya senta beringi (beringi inayoishikilia propela katikati). Cha mbele hakirefuki wala hakifupiki.

Hapo ndipo tochi inahitajika. Mulika mpira wa senta beringi propela ikiwa imefungwa. Ukiuona umetuna upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyenuna, kipande cha mbele hakilingani na giaboksi. Usiulazimishe kwa kukaza bolti, utachanika. Tundu za braketi zikiwa ndefu, sogeza. Kama sivyo, propela iende kwa mkereza vyuma ikatwe au irefushwe, na irudi imebalansiwa. Kuchomelea kwa kukadiria kwa macho mimi sifanyi, mteja akasirike tu.

Kipande cha nyuma kipime gari likiwa limekanyaga chini. Sukuma meno yaingie hadi yagote, piga alama ya chaki, kisha funga flanji ya difu, kwenye ekseli ya nyuma, uone alama imetoka kiasi gani. Mimi huacha kama sentimita mbili na nusu. Halafu inua chasisi, ekseli ining'inie, uhakikishe meno bado yameshikana vizuri. Masikio ya krosi (viungo vinavyoiruhusu propela kujipinda) za ncha zote mbili yawe kwenye mstari mmoja. Jino moja likiruka, gari litatetemeka.

Pembe nazipima kwa simu yenye programu ya pimamaji: bomba la propela kwanza, kisha flanji; tofauti yake ndiyo pembe ya krosi. Krosi isizidi digrii 3, na zile mbili za kipande cha nyuma zisipishane zaidi ya digrii 1. Zikizidi, angalia kwanza mauntini za giaboksi.

Barabarani mtetemo ukitokea, kanyaga klachi na utoe gia huku gari likienda. Ukikoma, tafuta kwenye injini au klachi. Ukiendelea, kagua matairi, kisha rudi kwenye propela.