Breveti ya Kilomita 200: Namna ya Kuimaliza Kabla Saa Haijakwisha

Breveti ni safari ndefu ya baiskeli inayopaswa kumalizwa ndani ya muda uliowekwa; si mashindano. Kuna njia iliyopangwa, vituo vya ukaguzi, kadi ya kugongwa muhuri na saa ya mwisho. Anayefika dakika 5 kabla ya saa hiyo amemaliza sawa na aliyefika mchana. Kwa taratibu za Audax Club Parisien, klabu ya baiskeli ya Ufaransa, zinazofuatwa katika nchi nyingi, kilomita 200 zimepewa saa 13 na dakika 30, kilomita 300 saa 20, kilomita 400 saa 27 na kilomita 600 saa 40. Hizo nne ndizo ngazi za kupandia kwenda Paris–Brest–Paris, safari ya kilomita 1200 iliyoanza mwaka 1891 na ambayo siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne. Hapa tunashughulika na ngazi ya kwanza.

Anza na hesabu, maana saa haisimami unapokula wala unapoziba pancha. Ukitembeza baiskeli kwa kilomita 22 kwa saa, utatumia saa 9 na dakika 5 ukiwa unaendesha, na zaidi ya saa 4 zinabaki kwa mambo mengine yote. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa utatumia saa 11 na dakika 7, akiba ikawa saa 2 na dakika 23. Mwendo huo wa pili unatosha kabisa. Lakini ukikaa dakika 40 katika kila kituo, na vituo viko vinne, umeshakula saa 2 na dakika 40, na safari imekushinda huku miguu ikiwa bado ina nguvu. Waendeshaji wengi wapya huhangaikia kasi yao, ilhali muda wao unavuja kituoni.

Andika saa za kufungwa kwa vituo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwa selotepu juu ya bomba la fremu, mahali unapopaona bila kugeuza shingo. Kituo cha kilomita 100 hufungwa saa 6 na dakika 40 baada ya kuanza, cha kilomita 150 saa 10 kamili. Kila kituo kina saa ya kufunguliwa pia, kwa hiyo kukimbia kama umefukuzwa hakukufaidishi.

Mazoezi hayahitaji kufika kilomita 200. Ukiweza kuendesha kilomita 120 hadi 140 na kesho yake ukatembea vizuri, uko tayari. Ongeza safari ndefu ya kila wiki kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi, na wiki ya mwisho punguza. Safari hizo ndefu zitumie kujaribu kila kitu utakachobeba: siti, viatu, kaptula, vyakula, taa. Siku ya breveti usivae wala usile kitu kipya.

Baiskeli ikaguliwe wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari, ili ukibadilisha kitu upate nafasi ya kukijaribu. Pima mnyororo kwa rula: kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 25, mnyororo mpya una milimita 305 hivi. Ukikuta karibu 307, badilisha, kwa sababu mnyororo uliolegea huruka kwenye meno unapokanyaga kwa nguvu mlimani. Angalia mipira ya breki, kaza boliti za usukani na siti, shika gurudumu ulitikise pembeni kusikia kama beringi zimelegea. Pitisha kidole kwenye tairi lote. Kipande cha kioo kilichojificha ndani ya mpira leo ndicho pancha ya kesho.

Vifaa vya kubeba ni vichache: tyubu mbili, viraka na gundi, vijiti vitatu vya kufumulia tairi, pampu, spana za alenki, kifaa cha kukatia mnyororo na kiungo cha haraka (cha kuunganishia mnyororo uliokatika) kinacholingana na idadi ya gia zako. Ongeza kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 8. Tairi likichanika ubavuni, tyubu mpya peke yake itatokeza kwenye tundu na kupasuka. Kipande hicho ukikiweka ndani kitaizuia, na utafika.

Pancha ina utaratibu wake, na anayeuruka huziba mara mbili. Unapofunga tairi nyumbani, panga maandishi ya tairi yakae mkabala na valvu. Ukipata pancha, jaza tyubu upepo, tafuta tundu, kisha ilaze tyubu juu ya tairi: umbali kutoka valvu utakuonyesha mahali penye mwiba. Pitisha vidole ndani ya tairi taratibu mpaka uupate. Usipoutoa, tyubu mpya itatoboka baada ya mita chache. Ukiona matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, usitafute mwiba: upepo ulikuwa mdogo, na tyubu imebanwa kati ya rimu na shimo au jiwe. Jaza zaidi.

Kula ndiko kunakoamua nusu ya pili. Mwili una akiba ya wanga ya saa chache tu, na ikiisha miguu hukatika ghafla, kichwa kinakuwa kizito, hata kilima kidogo kinaonekana ukuta. Ukifika hapo, kujirudisha huchukua muda mrefu. Kwa hiyo anza kula ndani ya dakika 45 za kwanza, njaa ikiwa bado haipo, na lenga gramu 60 za wanga kila saa. Ndizi kubwa moja ina kama gramu 27, kipande cha mkate chenye jemu kama 25. Kinywaji cha kutengeneza mwenyewe kinafaa sana: lita 1 ya maji, vijiko 15 vya chai vya sukari (karibu gramu 60) na robo kijiko cha chai cha chumvi. Usiku uliotangulia kijaribu, maana tumbo la mwingine halikipendi.

Maji: nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa huwatosha wengi, na zaidi kwenye joto kali. Kuzidisha nako ni hatari. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi hupunguza kiwango cha chumvi mwilini. Vidole vinavimba, kichwa kinauma, kisha anachanganyikiwa. Mtu wa namna hiyo asiongezewe maji, apelekwe kwa daktari haraka.

Kilomita 50 za kwanza zitakudanganya. Watu ni wengi, mwili ni mpya, na kundi linakuvuta. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, waache waende. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika. Ukipata kundi linalokufaa, kaa nyuma ya gurudumu la nyuma la aliyekutangulia lakini usilipite ubavuni hata kidogo: wa mbele akiyumba, gurudumu lako la mbele ndilo linalogongwa, na wewe ndiye unayeanguka. Zamu yako ya kuongoza ikifika, usiongeze kasi. Onyesha mashimo kwa mkono, tamka kwa sauti unapofunga breki.

Kila robo saa, simama juu ya pedali kwa nusu dakika ili damu irudi kwenye makalio, na badilisha mahali pa mikono kabla vidole havijafa ganzi. Kaptula yenye pedi huvaliwa bila chupi, na mafuta ya mgando yapakwe mapema sehemu zinazosuguana. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini au gia ni nzito. Likiuma nyuma, siti iko juu. Ipandishe au ishushe milimita 3 hadi 5 tu kwa mara moja, na weka alama ya selotepu pale ilipokuwa.

Kituoni fuata mpangilio uleule kila mara. Kadi kwanza: muhuri, saa iandikwe, uisome kabla hujaondoka, uirudishe kwenye mfuko wa plastiki. Kisha maji, choo, chakula cha kubeba. Dakika 12 zinatosha. Viatu usivue isipokuwa nyayo zinawaka, na kiti chenye mgongo kiepuke, maana kukiacha ni kazi. Chakula cha kupika kula mara moja tu, ikiwezekana katikati ya safari, kiwe kidogo, na nusu saa inayofuata endesha polepole. Kadi ikipotea huna ushahidi wa safari, hivyo ikae mfuko wenye zipu, peke yake.

Ukipotea njia, rudi mpaka pale ulipoiacha na uendelee kutoka hapo. Njia ya mkato inayoruka kituo inafuta breveti yote. Simu iwe na ramani iliyopakuliwa, mwanga wa skrini upunguzwe, na powabenki iwe imejazwa. Taa ya mbele na ya nyuma ziwe tayari hata kama umepanga kufika jua halijazama, kwa sababu pancha mbili na upepo wa mbele hula saa nzima. Taa ya nyuma ya pili ni muhimu: ya kwanza ikizimika huwezi kuiona.

Ukiamua kuacha, mpigie mwandaaji kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi, umwambie uko wapi na utarudi vipi, hata kama umeshapata usafiri. Mtu asiyefika na asiyepiga simu hutafutwa usiku, na wanaomtafuta nao wako barabarani gizani.