Jinsi ya Kuutembelea Mkusanyiko wa Murumbi kwa Siku Moja Jijini Nairobi

Wageni ninaowatembeza jijini huniuliza jumba la sanaa la taifa liko wapi, nami huwajibu kwamba hazina ninayoipenda zaidi haiko chini ya paa moja. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, na mkewe Sheila walikusanya kazi za sanaa za Afrika kwa miaka mingi. Leo nyingi ya kazi hizo zimo katika majengo mawili katikati ya jiji, naye Murumbi amezikwa City Park, kando ya bustani ya sanamu.

Hatua ya 1: Maandalizi. Chagua siku ya kazi, kwa kuwa kituo cha kwanza ni ofisi ya serikali. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha makumbusho hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, na uweke pesa kwenye M-Pesa. Chukua daftari na penseli. Kalamu ya wino na vitu vya kale havipatani.

Hatua ya 2: Nyaraka za Taifa. Fika asubuhi katika jengo hili lililoko Barabara ya Moi, karibu na sanamu ya Tom Mboya, ambalo zamani lilikuwa benki. Ukumbi wa Murumbi uko orofa ya chini. Wakati mmoja nilipeleka wanafunzi humo wakaumaliza ukumbi mzima kwa dakika kumi, nikawarudisha ndani na kumwamuru kila mmoja achague vitu vitatu tu. Tangu siku hiyo sina utaratibu mwingine.

Ukishachagua, usikimbilie kadi ya maelezo. Kama ni kigoda, chuchumaa hadi macho yako yalingane nacho, kisha utafute mahali panapong'aa: mti uliokaliwa miaka mingi hulainika na kuiva rangi kwa jasho na mafuta ya mwili, ilhali upande wa chini, ambao hakuna aliyeushika sana, mara nyingi hubaki na alama za tezo ya fundi. Chora umbo lake, hata kama mkono wako ni mzito kama wangu, kwa sababu penseli itakulazimisha kuona kwamba miguu uliyodhani inalingana hailingani. Baada ya hapo ndipo usome kadi, nawe utajua ni swali gani ambalo kadi haikulijibu. Kabla ya kupiga picha, muulize mhudumu.

Hatua ya 3: Nairobi Gallery. Tembea kwa miguu ukiifuata Barabara ya Kenyatta hadi inapokutana na Uhuru Highway, kando ya Nyayo House. Jengo hili la mawe la mwaka 1913 lilikuwa ofisi ya utawala ambamo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa, na umbali wa miji ya Kenya kutoka Nairobi hupimwa kuanzia hapo. Vyumba ni vidogo, basi usiharakishe. Katika vito, angalia jinsi shanga zilivyotungwa kabla ya kuangalia rangi. Ukikuta kitambaa cha kente, tafuta mishono, kwani hufumwa kwa vipande vyembamba vinavyoshonwa pamoja baadaye.

Hatua ya 4: City Park. Panda matatu inayopita Barabara ya Limuru na ufike kabla jua halijapungua. Murumbi alitaka alale karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1965, na ndivyo ilivyokuwa. Miongoni mwa sanamu zilizowekwa hapo ni kazi za Elkana Ong'esa, mchongaji wa mawe ya Kisii kutoka Tabaka, na Francis Nnaggenda wa Uganda. Hapa hakuna kioo wala taa za ukumbini, kwa hiyo izunguke kila sanamu, kisha urudi ulipoanzia baada ya robo saa uone jinsi kivuli kilivyobadilisha uso wake. Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa vizuri, kwa sababu kima wa City Park hawamngojei mtu awakaribishe.