Mchezo wa uhusika ukiwa peke yako: dadu mbili, karata na daftari

Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ulikuwa wa kundi: kila mchezaji ana mhusika wake, na mmoja anakaa pembeni kama mwongozaji, ndiye anayejua kilicho nyuma ya kila mlango. RPG nyingi, yaani michezo ya uhusika, bado huchezwa hivyo. Lakini kumpata mwongozaji, kulinganisha ratiba za watu watano na kununua vitabu vya bei ni kazi, na wengi huishia hapo hapo. Njia ya kucheza mwenyewe ipo na imekomaa: dadu zinashika nafasi ya mwongozaji, wewe unauliza, zinajibu, unaandika kilichotokea. Hujui hadithi itaishia wapi. Ugumu wote uko kwenye namna ya kuuliza, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Vifaa

Dadu mbili za Ludo zinatosha, mradi uweze kuzitofautisha. Zikiwa zote nyeupe, paka rangi ya kucha kwenye vidoti vya moja. Zirushe ndani ya sinia lililotandikwa kitambaa, na uamue mapema kwamba dadu iliyoegemea ukingo inarushwa upya. Ukiliamua hilo baada ya kuona namba, umeshaanza kujipendelea. Ongeza karata 52 (jokeri weka kando) na daftari la kurasa 96 au kaunta buku. Andika kwa kalamu yaliyokwisha kutokea, na kwa penseli vitu vinavyobadilika: majeraha, fedha, madeni, mambo unayoyashuku.

Kuna nyumba zisizotaka dadu wala karata kwa sababu ya kamari. Chukua makopo mawili, kila moja liwe na vipande sita vya karatasi vya ukubwa mmoja, vimeandikwa 1 hadi 6. Kila ukichota, rudisha kipande na utikise kopo kabla ya kuchota tena. Usiporudisha, namba zilizobaki zinapata nafasi kubwa kuliko haki yake.

Ukitaka baadaye kanuni zilizochapishwa, Ironsworn ya Shawn Tomkin (2018) inapatikana bure kama PDF na imeandikwa pia kwa anayecheza peke yake. Inahitaji dadu moja ya pande sita na mbili za pande kumi, ambazo ni shida kuzipata madukani kwetu. Karata zinaziba pengo: toa J, Q na K, ubaki na karata 40 kuanzia ree (A, ihesabu 1) hadi 10, chomoa moja, soma namba, irudishe, changanya. Mchezo mwingine ukitaka dadu ya pande ishirini, karata nyekundu isome kama ilivyo, nyeusi iongezee 10.

Mhusika

Mistari minne inatosha. Anataka nini sasa hivi. Anaogopa kupoteza nini. Nani anamdai, au yeye anamdai nani. Halafu uwezo wake wa aina tatu: mmoja mpe +2, mwingine +1, wa tatu −1. Usiandike ukoo wake wa vizazi vitatu, hutautumia. Deni, kwa upande wake, ni mali: linamleta mtu mlangoni bila wewe kubuni sababu.

Chagua dunia unayoweza kuinusa. Majoka na ngome za mawe si lazima. Mfano tutakaoutumia hapa ni mwaka 1938: Salim, karani wa jahazi lililopakia korija 60 (korija moja ni ishirini) za boriti za mikoko kwenye delta ya Rufiji, linapita Unguja, na linataka kushika upepo wa kusi kwenda Uarabuni kabla bahari haijachafuka mwezi Juni na Julai. Ushawishi +2, hesabu +1, ngumi −1. Upepo peke yake tayari ni saa inayokimbia, na hadithi yenye saa haikwami kirahisi.

Mhusika anapojaribu jambo

Rusha dadu zote mbili, jumlisha, ongeza uwezo unaohusika. 10 au zaidi: amefanikiwa kama alivyotaka. 7 hadi 9: amefanikiwa, lakini kuna gharama. 6 au chini: ameshindwa, na hali imebadilika.

Fahamu hesabu iliyo chini ya kanuni hiyo. Dadu mbili zina miangukio 36. Bila nyongeza, kushindwa ni 15 kati ya 36, gharama 15, ushindi kamili 6 tu. Kwa +2, kushindwa kunashuka hadi 6, gharama hubaki 15, ushindi unapanda hadi 15. Kwa +3 mhusika anashindwa mara 3 tu kati ya 36, na hapo hakuna tena cha kuhofia. Kwa hiyo usivuke +2, hata baada ya miezi ya kucheza. Mhusika akikua, mpe marafiki, chombo, jina mjini, au siri za watu.

Kushindwa maana yake si “hakuna kilichotokea”. Kama Salim alijaribu kufungua sanduku la nahodha na akapata 5, usiandike “halikufunguka”, kwa sababu utarusha tena, na tena, mpaka lifunguke. Andika kwamba ufunguo umevunjikia ndani, au nyayo zinasikika kwenye ngazi.

Mwamuzi

Dadu za kitendo zinajibu kuhusu mhusika wako. Kuhusu dunia iliyobaki unamuuliza mwamuzi, yaani dadu zile zile mbili, kwa swali la ndiyo au hapana. Kabla ya kurusha, sema jibu linaelekea wapi. Dadu ya kwanza inatoa jibu:

Likielekea ndiyo: 1–2 hapana, 3–6 ndiyo.
Nusu kwa nusu: 1–3 hapana, 4–6 ndiyo.
Likielekea hapana: 1–4 hapana, 5–6 ndiyo.

Dadu ya pili, ile yenye vidoti vya rangi, inatia ladha. Ikiwa 1, ongeza “lakini”: jibu linapunguzwa makali. Ikiwa 6, ongeza “na tena”: jibu linazidishwa. 2 hadi 5, jibu libaki tupu. Dadu zikilingana namba, jibu ni lile lile bila ladha, lakini kuna tukio la ghafla. Hilo hutokea kwa wastani mara moja kila maswali sita, kiasi kinachofaa.

Sasa, maswali yenyewe. “Nini kilitokea?” si swali la mwamuzi, hana kinywa cha kulijibu. “Je, kuna mtu ndani?” ni swali dhaifu, kwa sababu akisema hapana umebaki na chumba kitupu. Kabla ya kurusha, jipime: nikiambiwa ndiyo nitaandika nini, nikiambiwa hapana nitaandika nini? Upande mmoja ukiwa hauna kitu, badilisha swali. “Je, mtu aliyemo ndani ananifahamu?” lina uhai pande zote mbili.

Tena, usiulize unachokijua. Kama kila kitu kilichotangulia kinaonyesha nahodha ana hasira, basi ana hasira; dadu zikikuambia anacheka, utapoteza nusu saa kutafuta sababu. Anayeanza huuliza kila kitu, hata rangi ya mlango, na matokeo yake ni dunia isiyoshikamana. Maswali matatu hadi sita kwa tukio moja ni kipimo kizuri. Na jibu likishatoka limetoka. Kurusha tena kwa sababu hukulipenda ndiko kunakoua mchezo huu haraka kuliko kitu kingine, maana kuanzia hapo unatunga peke yako huku ukijifanya unauliza.

Tuingie bandarini. Daftari la tukio zima linaweza kuwa hivi, S ikiwa swali, J jibu, K kitendo:

Alfajiri, Unguja. Salim anahesabu boriti upya. Korija 57. Tatu hazipo.
S: Ziliibwa kabla hatujaondoka Rufiji? (elekea ndiyo)
J: 2 na 5. Hapana. Basi zimepotelea njiani, na waliomo chomboni wanajua.
S: Serahangi, mkuu wa mabaharia, anajua? (nusu)
J: 4 na 1. Ndiyo, lakini hatasema mbele ya nahodha.
K: Salim anamvuta pembeni, ushawishi +2. 3 na 4, jumla 9. Anasema, kwa gharama: zilishushwa Mafia usiku kulipa deni la nahodha. Sasa Salim anatakiwa aandike kitabuni kwamba zilichukuliwa na bahari.

Tazama jibu la kwanza. “Hapana” lilifunga njia iliyokuwa rahisi, likawasukuma watuhumiwa wote ndani ya chombo kimoja. Mtunzi anayejitungia angechukua wizi wa Rufiji, kwa sababu ndilo wazo la kwanza. Faida ya mwamuzi ni kukunyang'anya wazo la kwanza.

Jedwali la maneno 36

Tukio la ghafla linahitaji cheche. Chora jedwali la namba 11 hadi 66 kwa kutumia tarakimu 1 hadi 6 tu: dadu ya kwanza ni makumi, ya pili mamoja, jumla nafasi 36. Tengeneza mawili, la vitenzi na la majina. Vitenzi kama ficha, dai, kawia, rudisha, badilisha, toroka. Majina kama deni, ufunguo, mgeni, barua, kisima, tetesi, mzigo, jamaa. Rusha kwa kila jedwali, uunganishe: “rudisha – mgeni”, “ficha – barua”. Shika maana ya kwanza inayoingia akilini ndani ya nusu dakika. Isipokuja, rusha mara moja zaidi, kisha kaa na ulichopata.

Maneno ya jumla mno, kama amani au upendo, hayazai kitu. Yaliyobana mno, kama “chui mwenye jicho moja”, yanafaa mara moja tu, ya pili yanachosha. Neno likishatumika lifute na ulijaze jingine kutoka kwenye hadithi yenyewe. Baada ya muda jedwali linaanza kuongea lugha ya dunia yako. Majedwali ya kupakua mtandaoni yapo mengi sana. Mawili uliyoyaandika kwa mkono yatakufaa zaidi ya arobaini ya watu, kwa sababu kila neno umelichagua ukijua litakapotumika.

Karata za kufungua tukio

Kila tukio linapoanza, fungua karata moja. Kopa ni mambo ya watu na moyo, uru ni mali, shupaza ni hatari, pau ni kazi na safari. Ree hadi 4 jambo dogo, 5 hadi 7 la wastani, 8 hadi 10 kubwa. Picha (J, Q au K) inamleta mtu. Hapa karata hairudishwi, ili hadithi ipate mwisho: ree ya pili ikitoka, tukio hilo ndilo la kufungia. Kwa wastani hutoka kwenye karata ya 21, na kwa matukio matatu au manne kwa kikao, hivyo ni vikao sita hivi. Ukitaka ndefu zaidi subiri ree ya tatu, kwa wastani karata ya 32.

Kikao na maandishi

Dakika 45 hadi saa nzima zinatosha. Fungua kila tukio kwa swali moja ambalo tukio litalijibu, lifunge likishajibiwa, hata kama mhusika bado amesimama mlangoni. Isipokuwa la mwisho: liache swali lake wazi. Kikao kijacho utaingia moja kwa moja badala ya kukodolea ukurasa mtupu.

Andika nusu ukurasa kwa tukio, si zaidi. Wengi huchoka kwa sababu wanaandika riwaya huku wakicheza, na mkono hauwezi kwenda kasi ya dadu. Riwaya ije baadaye, ukitaka, kutoka kwenye madondoo. Ukurasa wa nyuma weka orodha ya mambo yasiyokwisha: korija tatu, deni la nahodha, kitabu cha uongo. Yasizidi matano. Likiingia la sita, funga moja kwenye tukio linalofuata.

Mazoezi tunayoyapenda ni kufunga kikao kwa ubeti mmoja wa utenzi: mishororo minne, mizani minane minane, mitatu ya kwanza kina kimoja, wa nne ukibeba kina cha utenzi mzima.

Boriti tumehesabu,
zimepungua ajabu,
serahangi kwa aibu
akanena yalokuwa.

Ubeti unakulazimisha uchague jambo moja lililobeba kikao, na hadithi ikiisha una utenzi wa beti sita hivi, wote ukiishia na -wa.

Mkiwa wawili au watatu

Kanuni hazibadiliki, na mwongozaji bado hahitajiki. Kila mmoja ana mhusika wake, mnapokezana kufungua karata. Badiliko ni moja: anayemuuliza mwamuzi si yeye anayelitafsiri jibu. Wa kushoto kwake ndiye analisoma na kusema maana yake. Bila hivyo, mwenye sauti kubwa huwa mwongozaji bila kuchaguliwa, na wengine wanabaki kumsikiliza.