Bendera ya upinde siku ya mechi: kuishona, kuitundika na kuwalinda watu wake Mombasa

Mashabiki wa Arsenal walioanzisha Gay Gooners, kikundi cha mashabiki wapenzi wa jinsia moja, mwaka 2013 hutundika bendera yao ya rangi za upinde wa mvua ndani ya uwanja wa Emirates. Tottenham wana Proud Lilywhites, Liverpool wana Kop Outs. Timu hizo hizo zina mashabiki Mombasa nzima, kutoka Likoni hadi Kisauni, na miongoni mwao wamo makuchu, yaani wapenzi wa jinsia moja, wanaoimba na kulia pamoja na wenzao kila wikendi huku wakimeza matusi yanayorushwa ukumbini mchezaji akikosa penalti. Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu kumi hadi hamsini wanaotaka kutazama mechi moja wakiwa huru, chini ya rangi zao, na kila mmoja arudi kwao salama.

Sheria ndiyo inayoamua onyesho lenu litakuwa na ukubwa gani, kwa hivyo tuanze nayo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono ya "kinyume cha maumbile", na cha 165 hadi miaka 5 kwa "matendo machafu" kati ya wanaume. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Februari 2023 Mahakama ya Juu ilisema shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja lina haki ya kusajiliwa. Septemba mwaka huo ilikataa kuupitia upya uamuzi wake, na watu wakaandamana papa hapa Mombasa kuupinga. Vifungu hivyo vinazungumzia vitendo, havitaji kitambaa wala rangi. Lakini mtu akivamiwa mlangoni kwake hana nafasi ya kusomea watu vifungu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: bendera msiipeleke uwanja wa Mbaraki timu ya Bandari ikicheza. Mashabiki wa pale wanajuana kwa sura na kwa mtaa, na picha moja ya simu inamfuata mtu hadi kazini. Hata kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, mbele ya kamera za dunia nzima, mashabiki wa Wales walivuliwa kofia za upinde getini. Ifanyeni nyumbani, au kwenye dari la nyumba, yaani paa bapa la juu, ambalo halichunguliki kutoka ghorofa za jirani. Mkutano wa hadhara huhitaji kuwaarifu polisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Wageni wa nyumbani kutazama mpira si mkutano wa hadhara, na ubakie hivyo: hakuna tangazo, hakuna kiingilio, hakuna kuuza chochote mlangoni.

Kushona bendera

Bendera ya kwanza ya Gilbert Baker, San Francisco mwaka 1978, ilikuwa na milia minane. Inayotumika viwanjani leo ina sita, kutoka juu: nyekundu, machungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau. Kosa la kawaida ni kuongeza buluu ya pili ili ifanane na upinde wa angani. La pili ni kununua damu ya mzee badala ya nyekundu; usiku inaonekana nyeusi.

Nunueni poplini ya upana wa sentimita 150, robo tatu ya mita kwa kila rangi. Satini muiache. Inateleza chini ya sindano, na kwenye picha inang'aa mpaka rangi inageuka nyeupe. Maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Biashara yatawatosha. Chukueni rangi tatu duka moja na tatu jingine. Kabla ya kulipia, wekeni buluu na zambarau pamoja mahali penye kivuli. Mkishindwa kuzitofautisha hapo, chini ya taa ya sebuleni zitakuwa mlia mmoja mnene. Chagueni buluu iliyochangamka na zambarau inayoelekea kwenye waridi.

Loweka kila rangi peke yake kwenye ndoo ya maji baridi, ubadilishe maji hadi yatoke meupe. Nyekundu huchukua muda mrefu kuliko zote. Msitegemee chumvi wala siki: rangi ya kiwandani isiyoshika vizuri haitashikishwa na jikoni. Anika, piga pasi, ndipo ukate. Kitambaa kikikatwa kabla ya kufuliwa, mlia mmoja utarudi kuliko mwingine na bendera itajikunja pembeni baada ya ufuaji wa kwanza.

Kata kuvuka upana wa kitambaa, vipande viwili vya kimo cha sentimita 33 kwa kila rangi. Rangi zote sita zikatwe upande huo huo, kwa sababu kitambaa hunyooka tofauti kwa urefu na kwa upana. Mlia mmoja ukikatwa kinyume, mshono wake utafanya mawimbi hata mshonaji awe hodari namna gani. Nyekundu, manjano na buluu unganisheni vipande viwili ncha kwa ncha. Machungwa, kijani na zambarau, kipande kimoja kikatwe sentimita 100 na 50, kisha kishonwe pande mbili za kipande kizima. Kazi inaongezeka kidogo, lakini bila hivyo viungo vyote vinapangana katikati, na mstari huo ndio wa kwanza kuonekana kwenye picha. Punguzeni milia yote ifike sentimita 290.

Sasa ungeni mlia kwa mlia, mshono ukiwa sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Bandikeni pini kila baada ya sentimita 20, mkianzia katikati kwenda kwenye ncha. Sindano namba 14, uzi wa poliesta, mishono ya milimita 3. Laza kila mshono upande mmoja, upite juu yake na charahani mara ya pili. Mkikunja pindo mtapata bendera ya sentimita 180 kwenda chini na karibu 285 kwenda pembeni, saizi ya ukuta wa sebule. Mshonaji awe mmoja wenu. Fundi wa mtaani hafanyi kazi mlango ukiwa umefungwa, na wateja wake wote wataiona ikiwa mezani.

Juu pashonewe mfuko wa marekani, kitambaa cheupe cha pamba: kipande cha sentimita 16 kilichokunjwa katikati, cha kupitisha fito la mkandaa la unene wa sentimita 3. Bomba la plastiki la mafundi wa umeme ni jepesi na linashawishi, ila kwa urefu huu hupinda katikati na bendera ikalegea kama tumbo. Pindo la chini pitisheni fito jembamba zaidi la kuizuia isipeperuke. Pangaboi la darini ni adui mkubwa wa maonyesho ya ndani. Pindo likifikia mapanga yake linachanika mara moja, kwa hivyo acheni nafasi ya mita nzima. Kamba tatu, mbili za pembeni na moja ya katikati, zinatosha. Tundikeni ukuta wa nyuma ya watazamaji, usioelekea mlango wala dirisha. Hapo haizibi runinga, na ikilazimu kushushwa, watu wawili wanaishusha kwa kuchomoa kamba mafundo yakiwa ya kuvuta. Fundo la kukaza litawachelewesha saa msiyotaka kuchelewa.

Maandishi

Maneno matatu yanatosha. SOTE NI MASHABIKI ni herufi 15: herufi ya kawaida upana wa sentimita 15, M ipewe 20, I ipewe 5, nafasi ya 4 kati ya herufi na 15 kati ya maneno. Jumla ni sentimita 278, inayoingia kwenye marekani ya mita 3.2 ikiwa na pambizo. Kimo cha herufi 25, kitambaa 45. Pimeni na mchore kwa penseli herufi zote kabla ya kufungua kopo. Anayepaka huku akikadiria kwa macho hufika kwenye K akiwa hana mahali pa I.

Marekani mpya ina wanga, na wanga husukuma rangi. Ifueni kwa maji ya moto kwanza. Tumieni rangi ya maji ya ukutani, robo lita inatosha kwa mikono miwili, ya pili ipakwe ya kwanza ikishakauka. Rangi ya mafuta inavutia siku hiyo ya kwanza, kisha ikikunjwa inapasuka na kunata. Chini pawe na karatasi ya nailoni, la sivyo mtaacha maandishi yenu sakafuni. Msimu wa masika rangi huchukua usiku mzima kukauka, hata pangaboi likizunguka.

Kadi

Juni 2021 UEFA ilikataa uwanja wa Munich uwashwe taa za upinde Ujerumani ilipocheza na Hungaria. Wanaharakati wa mji huo wakagawa bendera ndogo kwa mashabiki, na rangi zikaingia kwa mikono ya wengi. Kadi za rangi, kila mtu akiinua moja ili pamoja zifanye bendera, hufuata njia hiyo hiyo, na kwa Mombasa tunazipenda kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kadi inayobeba rangi ndiyo inayoficha uso.

Watu 48 wanahitaji karatasi za manila 12, mbili za kila rangi. Kila karatasi ikatwe vipande vinne, mpate kadi 8 za kila rangi. Wakiwa 24, karatasi moja kwa kila rangi. Kwenye jukwaa la uwanja mistari ya viti hupanda, hivyo kadi hushikwa kifuani zikaonekana zote. Sebuleni au darini sakafu ni sawa, na mstari wa mbele ungewaziba wote wa nyuma. Dawa yake: watu wakae kwenye mkeka mistari sita, kadi zilazwe bapa juu ya vichwa, na mpiga picha apande juu, ngazini au kwenye kiti kirefu. Nyekundu iwe mstari wa mbali zaidi na mpiga picha.

Wekeni kadi kwenye mkeka kabla watu hawajaingia, kila moja mahali pake. Zikigawiwa mkononi watu hubadilishana, na mtu mwenye kijani akiketi na rafiki yake wa machungwa mlia umekatika. Mmoja ahesabu kwa sauti: tatu, mbili, moja, juu. Sekunde 20 zinatosha. Baada ya hapo mikono huchoka, kadi zinainama na nyuso zinaanza kuchungulia. Wakati mzuri ni timu zinapotoka kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Msingoje mapumziko, watu watakuwa kwenye chai na mabajia.

Nyimbo na matusi

Kelele za shangwe jirani amezizoea, haziwaletei shida. Bendera haina maana ikiwa chini yake watu wanamwita refa jina lile lile wanaloitwa wao mtaani. Mkubaliane mapema kwamba matusi ya jinsia hayaimbwi, hata kwa timu pinzani, na mteue mwenye ngoma: anayesikia tusi linaanza, anapiga mdundo wa wimbo wa timu. Inafanya kazi kuliko mahubiri. Mbinu hiyo mnaweza kuibeba hadi Mbaraki, ambako bendera haiwezi kwenda.

Ukuta wa pembeni bandikeni majina ya wachezaji: Justin Fashanu, aliyejitangaza kuwa shoga Uingereza mwaka 1990, Josh Cavallo wa Australia, 2021, Jake Daniels, aliyejitangaza 2022 akichezea Blackpool, akiwa na umri wa miaka 17. Vijana wengi wanaokuja hawajawahi kuwasikia.

Picha na watu

Simu moja tu ipige, nyingine zikae kwenye kikapu mlangoni. Zimeni kipengele cha mahali kwenye kamera. Kisha itazameni picha kwa kuikuza, kona moja baada ya nyingine: uso ulioakisiwa kwenye runinga, nakshi ya dirisha, tangi la maji la jirani, hina ya mkononi, viatu. Hivi ndivyo vinavyowatambulisha watu. Video bila sauti, kwa maana sauti ya mtu hujulikana haraka kuliko sura. Chochote kisitumwe kabla kila aliyemo hajakubali, na kisitumwe siku hiyo hiyo.

Mwalikeni mtu kwa mdomo, mmoja mmoja, kila mgeni akiwa na mwenyeji anayemjua. Mahali patajwe siku yenyewe. Waingie wawili wawili kwa muda wa saa moja, na watoke vivyo hivyo. Watu thelathini wakitoka pamoja wakitafuta tuktuk, mtaa mzima utauliza kulikuwa na nini. Nyumba iwe na mlango wa pili. Stima ikikatika, kaeni mlipo.

Namba ya wakili iandikwe kwenye karatasi, simu inaweza kuchukuliwa. Kila mtu ajue haya kabla ya siku hiyo: Ibara ya 49 ya Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Na Mahakama ya Rufaa, ikiketi hapa Mombasa Machi 2018, iliamua kwamba kumlazimisha mtu kupimwa njia ya haja kubwa ili kuthibitisha ushoga ni kinyume cha Katiba. Yeyote akiambiwa apimwe, ajibu kwamba hakubali, arudie, na aombe wakili.

Baada ya mechi kadi zitumbukizwe kwenye ndoo ya maji, zilainike na kuchanwa. Bendera ifuliwe kwa maji baridi, ianikwe ndani, ikunjwe mlia kwa mlia hadi ibaki rangi moja nje, na tunashauri iwe ya buluu, halafu iviringishwe ndani ya leso. Atakayeihifadhi asiwe mwenye nyumba mliyotazamia mechi, wala asiwe mtu yule yule kila mara.