Somo: Kumlea mtoto mwenye abetalipoproteinemia

Ndugu zangu, niko Moshi, binti yangu ana miaka sita. Kabla ugonjwa haujajulikana alipewa dawa ya minyoo mara tatu. Choo kilikuwa kingi, cheupe, kinanuka na kuteleza. Kilichotufungua macho ni kipimo cha damu: kolesteroli iko chini mno, na chembe nyekundu kwenye hadubini zina miiba. Ugonjwa huu, abetalipoproteinemia, ni wa kurithi: jeni iitwayo MTTP ina hitilafu, hivyo utumbo na ini haviwezi kufungasha mafuta yasafiri kwenye damu. Mafuta yakikwama, vitamini A, D, E na K hukwama nayo.

Hatua ya 1: jikoni. Mtori hali bila nyama, kwa hiyo nachemsha steki usiku, naacha sufuria ipoe. Asubuhi mafuta yameganda juu kama nta. Nayaengua yote, ndipo naweka ndizi mshare. Siagi hapana. Chipsi na karanga hapana. Mafuta hayaondolewi kabisa: kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwa siku, kwa sababu mwili hauwezi kujitengenezea aina hiyo.

Hatua ya 2: vitamini. Hapa naomba mnisikilize sana. Mafuta yakipungua choo hutulia, mtoto anacheza, mzazi anaona vitamini ni gharama ya bure. Usiache! Macho na mishipa ya fahamu huharibika kimyakimya kwa miaka, na kilichoharibika hakirudi kirahisi. Vitamini E hutolewa yuniti (IU) 100 hadi 300 kwa kila kilo ya uzito kwa siku; mtoto wa kilo 15 anahitaji angalau 1,500. Vidonge vya kawaida vya dukani havifiki huko, na kiasi apange daktari.

Hatua ya 3: kliniki ya macho, mishipa ya fahamu, ini na kuganda kwa damu, kila mwaka. Akianza kujikwaa giza likiingia, msisubiri tarehe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Niko Sakina, Arusha. Parachichi si tunda tu?*
Marahaba mdogo wangu. Nusu yake ina gramu kama 15 za mafuta. Mpe papai.

*Mafuta ya nazi je? Naambiwa hayadhuru.*
Sehemu yake hupita moja kwa moja kwenda kwenye ini, lakini si yote. Na yale yanayosafishwa maalumu kutoka kwenye nazi, yaitwayo MCT, madaktari huyahofia kwa makovu ya ini. Usianze mwenyewe.

*Tukizaa tena?*
Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa huu, hata kama ninyi wawili ni wazima. Mtoto apimwe mapema.

*Mama mkwe anaweka siagi kwa siri, anasema mtoto amekonda.*
Wa kwangu pia. Nilimwita siku moja choo kimechafuka, nikamwonyesha beseni, mafuta yanaelea juu ya maji. Alikaa kimya, akaniuliza, "Sasa nimpikie nini?" Leo yeye ndiye anayeengua sufuria.