Mbolea ya ruzuku: jinsi ya kuipata bila kurudishwa kutoka bohari

Nchini Kenya, mkulima akitoka mikono mitupu kwenye bohari ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB), mara nyingi shida yake ilianzia kwa chifu, siku ya kuandikishwa. KIAMIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wakulima, haumjui mtu kwa sura. Unajua namba ya kitambulisho, namba ya simu, zao na ekari. Kimoja kikikosewa, vocha, yaani idhini ya kununua mbolea kwa bei ya ruzuku, haitoki, au inamfikia mwingine.

Unapokwenda kwa chifu au naibu wake, beba kitambulisho chenyewe. Namba ya kukariri ndiyo hugeuzwa tarakimu. Toa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho hichohicho. Kwenye Safaricom, piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Ukitoa ya mwanao, naye Machi awe Mombasa, ujumbe wa vocha utakuwa Mombasa pamoja naye.

Ugomvi mkubwa huwa wa ekari, kwa sababu idadi ya magunia inafuata ekari unazolima. Pima kabla. Ekari moja yenye umbo la mraba ni kama hatua 70 kwa 70, kila hatua yadi moja. Ploti ya futi 50 kwa 100 huhesabiwa sehemu ya nane ya ekari. Fomu ikitaka hekta, hekta moja ni ekari 2.47. Usiongeze za uongo: wazee wa kijiji wanalijua shamba lako. Kabla hujaondoka, mwombe anayekuandikisha akusomee alichojaza, tarakimu kwa tarakimu.

Vocha huja kwa ujumbe wa simu. Usiufute wala usimpe dalali. Tangu Agosti 2023 gunia la kilo 50 limekuwa shilingi 2,500, kutoka 3,500. Kwa mahindi ya ekari tatu, magunia matatu ya DAP ya kupandia na matatu ya CAN ya kukuzia ni shilingi 15,000, usafiri mbali. Udongo wa sehemu nyingi za Trans Nzoia na Uasin Gishu una asidi, na DAP ikitiwa kila mwaka huizidisha. Pima udongo, huenda chokaa ya kilimo na mbolea ya NPK vikakufaa zaidi.

Uliza kwanza kama aina unayotaka ipo bohari, ndipo ukodi pikapu. Kuwa na vocha si kuwa na mbolea, hasa Machi ambapo kila mtu anapanda. Nenda na kitambulisho na simu ileile, lipa kwa M-Pesa, na lisome jina la anayepokea kabla ya kuweka PIN. Pesa mkononi hazina ushahidi.

Kisha kagua gunia, maana mwaka 2024 baadhi ya mbolea iliyouzwa chini ya mpango huu ilipatikana haifikii viwango. Mshono usiwe umefumuliwa na kushonwa upya. Chini ya alama ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) kuna namba: andika SM# ikifuatiwa na namba hiyo, utume kwa 20023, ujibiwe ni bidhaa ya nani. Nyumbani, koroga kijiko kimoja katika glasi ya maji safi. Mbolea ya urea huyeyuka yote na glasi huwa baridi mkononi. CAN nayo hupoza maji, ila huacha ukungu na unga mweupe au wa kijivu chini, ambao ni chokaa yake, usiuogope. Ukiona mchanga au vijiwe, hapo kuna neno. Jaribio hili hunasa udanganyifu wa wazi tu. Kiwango cha virutubisho hujulikana maabara.

Ukitia shaka, usiimwage shambani. Funga gunia, liweke juu ya mbao mahali pakavu, tunza risiti na ujumbe wa M-Pesa, kisha mwite afisa wa kilimo wa wadi achukue sampuli gunia likiwa bado na lebo yake.