Banda la kuku likinuka, angalia chini ya bati

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Ingia bandani alfajiri kabla hujafungulia kuku, chuchumaa mpaka pua ifikie kimo chao, uvute pumzi. Macho yakiwasha, hiyo ni gesi ya amonia, na kuku wameivuta usiku kucha. Huunguza macho na njia ya hewa, na yale mafua yanayorudi kila dawa ikiisha mara nyingi huanzia hapo. Kisha papasa bati kwa ndani. Likiwa na matone, unyevu umekwama.

Kuku mkubwa mmoja hunywa kama robo lita ya maji kwa siku, na wakati wa joto huzidisha. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi bandani kwa pumzi na kinyesi. Kinyesi kibichi peke yake robo tatu ni maji. Kuku 25 basi wanamwaga lita kadhaa kila siku. Pasipo pa kutokea, maranda yanalowa, na maranda yaliyolowa ndiyo yanayotoa amonia.

Ndiyo maana kuziba banda kwa viroba msimu wa baridi huleta ugonjwa badala ya kuuzuia. Kuku mwenye manyoya kamili akiwa mkavu huvumilia baridi ya Njombe au Limuru mwezi wa saba. Kinachomwangusha ni unyevu, au upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelala. Hewa ipite, lakini ipite juu ya kichwa chake.

Tuchukue banda la mita 3 kwa 2 la kuku 25. Kata ukuta chini tu ya paa, pande zote mbili ndefu, uwazi wa sentimita 30 kwa urefu wote. Upande mmoja hautoshi, kwa sababu hewa haiingii pasipo na pa kutokea. Kama ukuta ni wa tofali na unabeba paa, acha nguzo kila mita moja, mbao za paa zikalie hapo. Ukingo wa chini wa uwazi uwe juu ya fito za kulalia kwa sentimita 40 au zaidi. Fito zikiwa juu mno, shusha fito, usipunguze uwazi.

Wavu uwe ule mgumu wa kuchomelea, matundu ya nusu inchi. Ukinunua wa upana wa futi 3, mita 3.2 zinatosha: upasue katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya sentimita 45, kila kimoja kikilalia mbao kama sentimita 7 juu na chini. Pigilia misumari ya U kila sentimita 10, kisha gongomea ubao mwembamba juu ya ukingo. Wavu laini wa matundu ya pembe sita humzuia kuku kutoka, haumzuii nguchiro kuingia. Wavu wa mbu usiuongeze; vumbi la manyoya na maranda huuziba upesi, ukarudi pale pale.

Paa la mgongo linasaidika zaidi: inua kofia ya bati sentimita 5 kwa vipande vya mbao, weka wavu chini yake, hewa ya moto itapanda na kutoka yenyewe. Bati litokeze nje ya ukuta kama sentimita 60, la sivyo mvua ya masika itapiga ndani.

Pwani ni habari nyingine. Kuku hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema, na mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi. Dar es Salaam au Mombasa, ukuta mzima uishie sentimita 60 kutoka sakafuni, juu yote iwe wavu. Anayejenga upya aelekeze urefu wa banda mashariki–magharibi: jua halitaingia sana, na pande ndefu zitapokea kaskazi na kusi. Makuti juu ya bati hupunguza joto.

Pazia la turubai lifungwe chini ya uwazi, livutwe kwa kamba kwenda juu. Wengi hulifunga juu wakalishusha. Matokeo yake likifunguliwa kidogo, upepo unaingia chini, penye kuku. Hata usiku wa baridi kali, acha sentimita 15 za juu wazi.

Ukimaliza, washa dawa ya mbu ya kuzungusha, ishike juu ya fito, mbali na maranda, utazame moshi. Moshi upande juu na kutoka taratibu. Ukizunguka pale pale, ongeza uwazi. Ukifagiliwa kwa kasi usawa wa fito, tafuta ufa wa chini uuzibe.

Chokaa au majivu kwenye maranda mabichi hayasaidii: huongeza ualkali (kinyume cha uasidi), na amonia hutoka kwa wingi zaidi. Toa sehemu iliyolowa, hasa chini ya chombo cha maji, weka maranda makavu. Ukiyafinya yakashikamana kama donge, bado mabichi.

Palipo na vifaranga na jiko la mkaa, uwazi wa juu usifungwe kabisa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, huua vifaranga na mtu anayelala nao, na mkaa uliokolea vizuri bado unaitoa hata moshi ukiwa umekwisha.